Risasi Sio Risasi Tu: Namna ya Kuchagua Risasi ya Raifo kwa Mkulima Mwenye Kibali cha Kuwinda

Wiki hii tunaacha kidogo mbolea na viwavijeshi, tunaingia kwenye somo ambalo nimeulizwa mara nyingi na nimekuwa nalikwepa.

Swali lenyewe linakuja hivi: "Shikamoo bwana shamba. Nguruwe pori wamemaliza mahindi huku. Nina raifo ya marehemu baba, leseni nimeshahuisha, na kibali cha kuwinda nakifuatilia. Sasa nikanunue risasi gani?"

Nimekuwa nalikwepa kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni afisa ugani, sio afisa wanyamapori. Pili, niliwahi kulijibu swali hili vibaya, na jibu langu lilimgharimu mtu. Acha nianze na hilo la pili, kwa sababu somo zima limo humo.

MAHINDI, MZEE, NA NENO LANGU

Nilikuwa kijana, nimepangiwa kata moja mkoani Ruvuma. Kule mahindi ndiyo maisha. Jirani yangu alikuwa mzee mwenye shamba linalopakana na msitu, na kila msimu nguruwe pori walikuwa wanaingia wakati mahindi yanabeba. Nguruwe pori hali kama panya, anakula kama greda. Hindi moja anatafuna, kumi analaza chini.

Mzee alikuwa na raifo ya .308 yenye leseni, na mwaka ule alipata kibali halali. Tatizo risasi zake za zamani zilikuwa zimebaki mbili tu. Akaenda mjini, akarudi na boksi jipya. Akanionyesha: "Mwanangu, wewe umesoma. Hizi ni sawa na zile?" Nikatazama kitako cha ganda, nikaona 308. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Mzee, .308 ni .308."

Sikutazama mbele ya risasi. Zile za zamani zilikuwa na ncha laini, risasi za kuwindia. Zile mpya zilikuwa zimefunikwa koti gumu la shaba ncha nzima, risasi za kulengea shabaha.

Jioni, jua halijazama, akampiga dume moja pembezoni mwa shamba. Nguruwe akashtuka, akakimbia kana kwamba hajaguswa. Tukakuta tone moja moja la damu. Tukafuata papo hapo mpaka kwenye matete. Alitokea ubavuni kwa mzee, kabla hata hajanyanyua bunduki. Meno ya nguruwe pori ni visu. Yalimfungua paja kutoka juu ya goti mpaka karibu na nyonga.

Tulimfunga kwa shati langu na kanga ya mkewe, tukambeba kwa baiskeli hadi barabarani. Alipona. Lakini mpaka leo mguu ule anauburuta.

Kesho yake afisa wanyamapori alimkuta nguruwe yule amekufa, mita chache kutoka pale. Akanionyesha tundu: limeingia upande huu na kutoka upande ule, jembamba kama limetobolewa kwa sindano ya gunia. Limepita nyuma sana, limegusa ncha tu ya pafu. Akaniambia, "Hapa mmekosea mara tatu. Risasi sio yake, shabaha hamkuipima upya, na mmemfuata kwa haraka."

Mkulima mwenzangu, makosa hayo matatu ndiyo somo letu. Tuyachukue moja moja.

KABLA YA YOTE: SHERIA

Somo hili ni kwa mwenye leseni ya silaha na kibali cha kuwinda, basi. Hapa Tanzania silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kuwa na bunduki halali sio ruhusa ya kuwinda. Kuwinda usiku, kutega nyaya, kuchimba mashimo, kuweka sumu, vyote hivyo ni makosa. Gobore la kutengeneza kichochoroni nalo ni kosa, tena huwa linampasukia mwenyewe usoni.

Kama wanyama wanaharibu mazao na huna kibali, njia yako ni ofisi ya kijiji, halafu Afisa Wanyamapori wa Wilaya au TAWA. Kwa tembo, nyati na kiboko usifikirie hata kidogo kwenda mwenyewe. Toa taarifa, kaa mbali.

1. IJUE RISASI KWANZA

Sisi huwa tunasema "risasi" kwa kitu kizima, lakini kitu hicho kina sehemu nne:

- Ganda: ile kopo ya shaba nyeupe au ya manjano inayobeba vitu vingine.
- Fataki: kile kidude cha duara kwenye kitako cha ganda. Pini ya bunduki inakigonga, kinatoa cheche.
- Baruti: unga ulio ndani ya ganda. Unaungua haraka, unatoa gesi inayosukuma.
- Kichwa: kipande kinachotoka kwenye mtutu na kwenda kwa mnyama.

Mimi siku ile nilisoma ganda, nikasahau kichwa. Ganda linakwambia risasi ITAINGIA kwenye bunduki yako au la. Kichwa kinakwambia risasi ITAFANYA NINI ikifika. Ni mambo mawili tofauti.

2. KUSOMA NAMBA

Namba za risasi zinachanganya watu kwa sababu hazina mpangilio mmoja. Baadhi zinahesabiwa kwa inchi, baadhi kwa milimita, na baadhi zimebeba mwaka.

- 7x57: kichwa kina kipenyo cha milimita 7, ganda lina urefu wa milimita 57. Ni ya Kijerumani, ya mwaka 1892. Waingereza waliita .275.
- 9.3x62: milimita 9.3 kwa ganda la milimita 62. Ilibuniwa mwaka 1905 na fundi wa Berlin, Otto Bock, kwa ajili ya walowezi wa Kijerumani waliokuwa makoloni ya Afrika, kwetu Tanganyika ikiwemo.
- .30-06: kipenyo cha inchi 0.30, na 06 ni mwaka 1906 jeshi la Marekani lilipoipokea.
- .308 Winchester: ilitoka mwaka 1952. Kichwa chake kina kipenyo kilekile cha .30-06, lakini ganda ni fupi, milimita 51 dhidi ya 63.
- .375 H&H Magnum: ya mwaka 1912, kutoka kwa Holland & Holland wa London. Kipenyo ni kama milimita 9.5.
- .458 Winchester Magnum: ya mwaka 1956, kwa wanyama wakubwa kabisa.

Umeona hapo .308 na .30-06? Kichwa kinafanana, ganda halifanani. Usijaribu kuweka moja kwenye bunduki ya nyingine hata kama inaonekana "inakaa kaa". Jina lililochongwa kwenye mtutu lazima lifanane neno kwa neno na jina lililo kwenye kitako cha ganda. Likizidi au likipungua, rudisha dukani.

Wenye shotigani nao wasikilize. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kwenye bunduki ya geji 12 inateleza na kukwama ndani ya mtutu. Ukichungulia chemba unaona tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, unafyatua, mtutu unapasuka na mkono unakwenda nao. Ndiyo maana viwandani risasi za geji 20 hupakwa rangi ya njano. Usichanganye aina mbili kwenye mfuko mmoja, kamwe.

3. NGUVU INATOKA WAPI

Nguvu ya risasi inatokana na uzito wa kichwa na kasi yake. Hesabu ni ile ya sekondari: nusu ya uzito zidisha kasi, zidisha kasi tena. Uzito wa vichwa huandikwa kwa greni, na greni 1 ni kama gramu 0.065. Kwa hiyo greni 180 ni gramu 11.7.

Tazama makadirio haya, yanapotoka mtutuni:

- .22 ya kawaida: greni 40, mita 330 kwa sekunde, kama jouli 140.
- .308: greni 180, mita 800 kwa sekunde, kama jouli 3,700.
- .30-06: greni 180, mita 820 kwa sekunde, kama jouli 3,900.
- .375 H&H: greni 300, mita 770 kwa sekunde, kama jouli 5,750.
- .458: greni 500, mita 640 kwa sekunde, kama jouli 6,600.

Kutoka .22 mpaka .308 nguvu imepanda zaidi ya mara 25. Sasa mtu anaponiambia "nguruwe wangu nampiga na .22, nikimpata sikioni anakufa", namuuliza: na usipompata sikioni? Huyo unamtesa tu, na kesho anakutana na mtoto anayekwenda kisimani.

Lakini kubwa kupita kiasi nayo sio dawa. Bunduki ikiwa na nguvu nyingi inakupiga teke begani. Mtu akishaliogopa teke anafumba macho kabla ya kufyatua, anavuta triga kwa kishindo, risasi inakwenda pembeni. Bora .308 unayoimudu kuliko .375 inayokutisha. Chagua kubwa kadiri mnyama anavyohitaji, na ndogo kadiri bega lako linavyoweza kutulia.

4. KICHWA CHA RISASI: HAPA NDIPO NILIPOKOSEA

Vichwa vipo vya aina nyingi, lakini mkulima akijua hizi nne anatosha.

a) Koti gumu ncha nzima. Madini ya risasi yamefunikwa yote mbele kwa shaba. Hakifunguki kikiingia mwilini, kinatoboa na kutoka. Jeshi linatumia hivi, na chanzo chake ni tamko la Hague la mwaka 1899 lililokataza risasi zinazotanuka vitani. Hivi ni vya vita na vya kulengea shabaha. Kwa nguruwe au swala, havifai.

b) Ncha laini. Mbele kabisa unaona madini ya risasi ya kijivu yamejitokeza kidogo. Kikigonga kinatanuka kama uyoga, kinafungua jeraha pana, mnyama anaanguka haraka. Hiki ndicho cha kuwindia wanyama wa kawaida.

c) Shaba tupu yenye tundu mbele. Hakina madini ya risasi kabisa. Kinafunguka kama maua, uzito wake unabaki karibu wote, kinapenya vizuri. Bei iko juu kidogo, lakini faida yake nitaieleza kwenye nyama.

d) Kigumu kizima, kilichotengenezwa mahususi kwa ngozi na mifupa ya tembo na nyati. Ni kwa wawindaji wazoefu. Wengi wao kwa nyati huanza na ncha laini ya ubora wa juu, halafu zinazofuata ni ngumu. Wewe mkulima haikuhusu.

Wenzetu Uingereza hawakuacha jambo hili kwa hiari ya mtu. Sheria yao ya paa ya mwaka 1991 inadai kichwa cha ncha laini au chenye tundu, pamoja na kipenyo na nguvu isiyopungua kiwango kilichowekwa. Yaani hata sheria inajua kwamba namba ya ganda peke yake haitoshi.

Hapa wapo watu watanitajia habari za wazungu wa zamani. Kweli, W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja huko Uganda miaka ya mwanzo ya 1900, aliua tembo wengi sana kwa ile .275 ndogo, tena kwa vichwa vya koti gumu. Lakini Bell alikuwa amepasua kichwa cha tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na alikuwa mlengaji wa kipekee. Wewe na mimi tumeshika jembe zaidi kuliko bunduki. Tusijipime kwa kipimo chake.

5. MNYAMA GANI, RISASI GANI

Huu ni mwongozo wa jumla. Kibali chako na maelekezo ya afisa wanyamapori vikisema tofauti, fuata vya afisa.

- Kanga na kwale: shotigani yenye goroli ndogo, namba 5 au 6. Raifo hapana.
- Nguruwe pori na ngiri: nguruwe pori mkubwa anafika kilo 100 na zaidi, na mwili wake umeshikana. 7x57, .308 au .30-06 zinatosha kabisa, kichwa cha ncha laini cha greni 150 hadi 180. Mimi napendelea greni 180 kwa .308 na .30-06, kwa sababu porini mara nyingi unapiga karibu na mfupa wa bega.
- Nguruwe pori kwa shotigani ya geji 12: tumia goroli kubwa za SSG au risasi ya donge moja, na usizidi mita 25. Zaidi ya hapo goroli zinatawanyika, unajeruhi badala ya kuua. Goroli za ndege kwa nguruwe ni kumkasirisha tu.
- Swala pala na wa ukubwa wake: zilezile 7x57, .308, .30-06, ncha laini.
- Pofu: mnyama huyu dume kubwa linaweza kuzidi kilo 700. Hapa 9.3x62 au .375 ndiyo salama.
- Nyati: kiwango cha chini ni .375, greni 300. Na kama nilivyosema, sio kazi ya mkulima.

6. SHABAHA IPIMWE KWA RISASI UTAKAYOTUMIA

Kosa letu la pili. Raifo ya mzee ilikuwa imelinganishwa kwa risasi za zamani. Tulipobadilisha boksi, tulibadilisha uzito wa kichwa na kasi, na risasi ikahamia nyuma ya pale alipolenga. Sentimita chache tu, lakini zilitosha.

Kila ukibadilisha aina ya risasi, au hata kampuni, pima upya kwenye eneo lililoruhusiwa:

- Weka karatasi yenye alama mita 100, nyuma yake pawe na ukuta wa udongo au kingo ya mlima.
- Kaa chini, legeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga au wa mpunga. Usiegemeze mtutu kwenye kitu kigumu.
- Piga tatu kwa utulivu. Kama zimekaa pamoja lakini pembeni, rekebisha kioo cha shabaha. Kama zimetawanyika kama mbegu za kurusha, tatizo ni wewe, skrubu zimelegea, au bunduki haiipendi risasi ile. Jaribu aina nyingine.
- Andika kwenye daftari: aina, greni, tarehe, imepiga wapi.

Na ujue risasi inashuka. Ya .308 ya greni 180 iliyolinganishwa mita 100, ikifika mita 200 imeshuka kama sentimita 10 hivi. Ndiyo maana nasema: usipige zaidi ya umbali uliojipima. Kwa wengi wetu umbali huo ni mita 100, na hakuna aibu.

Mlenge wapi? Moyo na mapafu ya wanyama wetu yamekaa chini na mbele kuliko watu wanavyodhani. Mnyama akiwa amesimama ubavu, panda na mstari wa mguu wa mbele hadi theluthi ya kwanza ya mwili kutoka chini. Akiwa amekupa makalio au uso, subiri ageuke. Akikataa kugeuka, basi leo ni siku yake, rudi nyumbani.

Na nyuma yake kuna nini? Risasi ya .308 inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3, na hata ile .22 ndogo inazidi kilomita 1. Shambani kuna watu wanaolinda ndege, kuna wachunga, kuna watoto wa shule wanaokata njia. Kama huoni udongo nyuma ya mnyama, usifyatue. Mahindi yataota tena, mtoto wa mtu haoti.

7. UKISHAPIGA, TULIA

Kosa la tatu. Mnyama akikimbia baada ya risasi, usimkimbilie. Kumbuka aliposimama, weka alama. Weka risasi nyingine chemba. Kaa chini nusu saa. Mnyama aliyepigwa mapafu, asipofukuzwa, analala karibu na kufa. Ukimfukuza anapata nguvu za mwisho, na nguvu hizo ndizo zilizompata mzee.

Damu yenye povu ya pinki ni ya mapafu. Damu nyeusi nzito ni ya ini, subiri zaidi. Damu yenye uchafu wa majani na harufu ni ya tumbo, subiri saa kadhaa. Akiingia kwenye matete au kichaka kizito, au giza likiwa linaingia, simama hapo. Mjulishe afisa wanyamapori, mfuate asubuhi mkiwa wengi. Na tangaza kijijini kwamba kuna mnyama aliyejeruhiwa, usione haya. Haya ndiyo inayoua watu.

8. NYAMA NA BANDA LA NGURUWE

Hapa sasa narudi kwenye kazi yangu rasmi.

Kwanza, vichwa vyenye madini ya risasi hupasuka na kuacha vipande vidogo mbali na tundu, vingine huvioni kwa macho. Madini hayo ni sumu, zaidi kwa watoto na mama mjamzito. Kata na kutupa nyama yote iliyovilia damu kuzunguka jeraha, usiionee huruma. Mabaki yakiachwa porini tai wanayala na kufa. Jimbo la California huko Marekani lilikataza kabisa risasi za madini hayo kwa uwindaji kuanzia mwaka 2019, sababu kubwa ikiwa ni ndege hao. Ukiweza kumudu shaba tupu, umemaliza tatizo hili.

Pili, homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Nguruwe pori na ngiri wanabeba kirusi chake bila kuumwa. Binadamu haumwi. Lakini kikiingia kwenye banda lako, unaweza kupoteza nguruwe wote ndani ya siku chache, na tiba hakuna. Kwa hiyo:

- Usichinjie nguruwe pori karibu na banda.
- Matumbo, damu na ngozi fukia shimo refu, usiwape nguruwe wala mbwa.
- Badilisha nguo na viatu, nawa kwa sabuni, ndipo uingie bandani. Ni bora zaidi uingie kesho yake.

Tatu, mnyama uliyemkuta amekufa mwenyewe usimpasue kabisa. Inaweza kuwa kimeta. Mwite mtaalamu wa mifugo.

9. KUHIFADHI RISASI

Zifungie mahali pakavu, pasipo joto kali, mbali na bunduki, na watoto wasijue ufunguo ulipo. Na jambo moja ambalo wakulima wengi hatulijui: usiweke risasi stoo moja na urea au mbolea ya kuku. Hewa ya amonia inaila shaba ya ganda polepole na kulipasua. Ganda lenye ufa, kutu ya kijani au kichwa kinachocheza, usilitumie. Lipeleke polisi au kwa muuzaji mwenye leseni, usilitupe jalalani.

KWA KIFUPI

Ukiwa dukani, jiulize hivi: Jina la kitako linafanana na la mtutu? Kichwa ni cha ncha laini au shaba inayofunguka? Greni zinamfaa mnyama wa kibali changu? Boksi hili linatosha kupimia shabaha na kubaki na za kazi? Ukikosa jibu moja, usinunue.

Yule mzee bado yupo, na bado analima. Mwaka jana nilipita kumsalimia. Sasa shamba lake lina walinzi wa zamu na majirani zake, wanapiga madebe na kuwasha moto, na amepanda ufuta upande wa msituni kwa sababu nguruwe hawaupendi kama mahindi. Bunduki anaitoa mara chache. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kwa muda, akasema, "Bwana shamba, .308 ni .308?" Tukacheka wote. Yeye alicheka zaidi yangu.

Kama una swali, uliza. Kama ni suala la kibali au leseni, nenda kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya na polisi, hao ndio wenye majibu. Wiki ijayo tunarudi kwenye mahindi yenyewe: namna ya kupanga ulinzi wa zamu shambani bila kulala njaa wala kugombana na jirani.

Kazi njema, mkulima mwenzangu.